Kijiti Mkononi mwa Noela

Mashine ya kukoboa mpunga ya Mama mdogo Scola ilizima ghafla, bila hata kukohoa, na ule mngurumo uliokuwa unalazimisha watu wote wapige kelele ukakatika. Sasa kuna mwanaume mmoja hakuwahi kugundua kwamba kelele zimekwisha. Akamalizia sentensi yake kwa sauti ya juu kabisa, Kahama nzima isikie:

"Mwigulu, mchele tuuache kwanza, mimi yule binti nimemwelewa!"

Jamani! Wabeba magunia, weupe kwa vumbi la pumba mpaka kwenye kope, wakageuka. Wamama wanaopepeta chenga wakageuka. Na yule binti mwenyewe akageuka, naye ni Noela, miaka ishirini na mbili, ovaroli la bluu limekunjwa mikono, kilemba cha njano, bisibisi ya kupimia umeme imekaa juu ya sikio.

"Umenielewa nini, kaka, na sijakufundisha kitu?"

Kicheko kilivyolipuka, hata Mama mdogo Scola akashika kiuno. Mwanaume akabaki amesimama na shati lake jeupe lililopigwa pasi na raba nyeupe pee. Nani anakuja mashineni na raba nyeupe? Mtu mwenye kucha zenye udongo mwekundu usiotoka hata kwa mswaki. Mchimbaji. Noela akajua hapo hapo.

Noela akaegemeza ngazi ukutani, akaanza kupanda kwenye boksi la fyuzi.

"Dada, shuka bwana, utapigwa shoti! Ita fundi."

"Fundi ndiye huyu unayemwona. Shika ngazi au pisha."

Akashika ngazi. Dakika tano tu, mashine ikanguruma, na kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kumsikia mwenzake, mwanaume akatoa simu, akaifungua, akampa. Noela akaandika namba yake. Kwenye jina akaandika: Fundi.

Jina la huyo mwanaume lilikuwa Ndaki. Alikuwa na duara Mwakitolyo, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, wakishirikiana yeye na huyo Mwigulu. Noela alikuwa mwaka wa kwanza wa umeme katika chuo cha ufundi Shinyanga mjini, na siku za mapumziko alikuja Kahama kumsaidia mama yake mdogo. Simu zikaanza.

"Haloo, fundi wangu."

"Fundi yuko kazini. Acha ujumbe."

"Ujumbe ni kwamba shimoni hakuna mtandao. Nimepanda mita arobaini ili nisikie tu unavyonitukana."

"Mjinga wewe. Umekula?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda."

Mwezi wa nne wa simu hizo, Ndaki akaanza kumwita jina jingine.

"Mama watoto."

"Watoto wapi tena?"

"Wanakuja. Muhula huu ukiisha naleta washenga kwenu Tinde. Mayu wangu kila nikimpigia hata salamu haitiki vizuri, anauliza mjukuu. Mwaka huu huu, Noela. Chuo kipo tu, hakikimbii."

Noela akacheka kwenye simu. Alipokata, akaacha kucheka. Darasani kwao walianza wasichana tisa, wakabaki sita, na wale watatu hakuna aliyefukuzwa na mtihani. Alimpenda Ndaki, tena sana, mpaka alikuwa ananusa shati lake kabla ya kulifua. Lakini cheti cha umeme alikitaka kwa jina lake, kwa mkono wake, kabla hajabeba mtoto. Na alishamsikia Ndaki akimzungumzia mke wa mtu fulani: "Hawa wanawake wa uzazi wa mpango wanajua wanachoficha." Alilisema huku anamenya chungwa, kama anayesema mvua itanyesha. Noela akalimeza neno hilo.

Wiki hiyo hiyo manesi wakaja chuoni. Wakafunga turubai uwanjani, wakapanga meza: vidonge, sindano, kitanzi, kondomu za aina mbili, na vijiti vidogo kama njiti za kiberiti. Aliyeongea ni Nesi Ghati, Mkurya, sauti ya kuamrisha ng'ombe.

"Nani hapa anameza P2 kila wikiendi? Msinyanyue mikono, nawaona machoni. Ile ni ya dharura, mwanangu, siyo pipi!"

Wasichana wakajificha nyuma ya madaftari. Noela, ambaye elimu yake yote ya mambo haya ilitoka bwenini, akajikaza akanyanyua mkono.

"Nesi, kijiti si kinatembea mpaka kwenye moyo?"

"Kina miguu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe unasoma nini?"

"Umeme."

"Ukishafukia waya ukutani, unahama kwenda jikoni?"

"Hapana."

"Na hiki kinakaa pale nilipokiweka. Kitakachohangaika ni hedhi. Wengine inavuruga tarehe, wengine inapotea, wengine inatoka kidogo kidogo. Ikikukera unarudi tunaongea. Ukitaka mtoto unakuja nakitoa, uzazi unarudi. Na kondomu usiitupe, maana kijiti hakizuii magonjwa. Nani mwingine?"

Baadaye, wawili tu ndani ya chumba cha mwalimu wa zamu, Ghati alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole. Akampima presha, akamuuliza kuhusu kichwa kuuma, akamwonyesha njia zote moja moja, akamuuliza lini anataka mtoto.

"Nikimaliza chuo. Kama miaka mitatu."

"Na mwenzako?"

"Yeye anataka jana."

Ghati akatabasamu. "Kumwambia au kutomwambia ni juu yako, sikulazimishi. Ila mimi nimezunguka huku miaka tisa. Wanaume wa huku, kitu wasichokijua wanakipa jina wenyewe."

Noela akaitikia, akanyoosha mkono wa kushoto. Ganzi, kama kuumwa na siafu mmoja, plasta, kadi. Ndaki angeambiwa Jumapili.

Jumapili ikafika, Ndaki akafika Shinyanga na samaki wa kuchoma kwenye gazeti na stori za kuchekesha, na Noela hakusema. Jumapili ya pili hakusema. Ya tatu, walikuwa wamekaa kwenye mkeka chumbani kwake, Noela amevaa blauzi isiyo na mikono, akanyoosha mkono kuchukua sahani. Ndaki akaudaka mkono kwa utani. Vidole vyake vikapita ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, vikasimama. Vikarudi. Vikabonyeza.

"Hapa umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Kuna kovu. Na kuna kitu ndani."

"Waya ulinichoma kwenye mazoezi. Labda ni uvimbe tu."

Ndaki akamwangalia. Halafu akauachia mkono taratibu, kama mtu anayeweka chini yai, akasema tumbo limejaa. Wali ukabaki pale, unatoa moshi.

Kuanzia siku hiyo hakula tena kwa Noela. Anakuja, lakini ameshiba. Akipewa maji, anatoa chupa yake begini, tena ile ambayo kizibo hakijafunguliwa. Nguo za kufua hakuleta tena. Siku moja Noela aliingia kutoka bombani akamkuta anakusanya vitu vyake: kofia, chanuo, fulana ya zamani aliyokuwa anailalia. Hata zile nywele mbili tatu kwenye chanuo alizichomoa, akazifunga kwenye karatasi, akatia mfukoni.

"Unahama?"

"Hapana, mpenzi. Napunguza mizigo."

Mpenzi! Alilitamka kama mtu anayeongea na askari.

Noela akampigia Mama mdogo Scola, akamwaga yote isipokuwa habari ya kijiti.

"Mwanangu," Scola akasema, "mwanaume akigoma sahani yako, ujue ameshapakuliwa kwingine. Tena huyo ni mpishi wa Mwakitolyo. Wanawake wa mgodini unawajua au unawasikia?"

Yakamwingia. Noela akaanza kuchunguza. Alipiga simu mchana, ikaita bila kupokelewa. Alipiga kwa namba ya jirani, ikapokelewa mara moja, na aliposema "ni mimi" akajibiwa "niko kwenye kelele, nitakupigia." Hakukuwa na kelele yoyote. Akaangalia picha ya Ndaki kwenye simu: ile waliyopiga pamoja imeondolewa, imewekwa ya pikipiki. Akajiambia, Noela, siku ya gulio utakwenda huko ukamwone huyo mwanamke kwa macho yako, na utavaa vizuri, asije akasema hakujua anamwibia nani.

Akavaa gauni la kitenge la kijani lililomkaa sawasawa, akapaka wanja, akapanda bodaboda. Mwakitolyo siku ya gulio ni vurugu tupu: mitumba, majembe, mbuzi, nyanya, muziki wa spika tatu tofauti, na nyuma yake karasha zinasaga mawe na kutapika vumbi. Akamwona Mwigulu amesimama penye kibanda cha chai.

"Shemeji, mambo?"

Mwigulu akageuka. Noela akanyoosha mkono wa salamu, na Mwigulu, mwanaume wa kilo tisini, akaruka nyuma mpaka akamwaga chai yake.

"Shem... shikamoo."

"Shikamoo? Mimi? Mwigulu, unaumwa?"

"Usisogee, shemeji. Na tafadhali, upande wa duara usipite."

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi akamvuta mwanawe wa kike nyuma ya sketi. Wachimbaji wawili kwenye benchi wakanyanyuka na vikombe vyao, wakaondoka bila kugeuka. Noela akahisi baridi juani.

"Mwanamke mwenyewe yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Huyo anayempikia Ndaki!"

"Ndaki anapikiwa na nani? Anakula biskuti, wiki ya tatu hii." Mwigulu akashusha sauti. "Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Ila kile ulichofukiwa mkononi kimetufunga. Tangu Ndaki akishike, tunatoa mawe matupu. Hata punje ya dhahabu hakuna. Tuache tu. Kama ni nyota yake uliyoitaka, umeshaipata."

Noela akaelewa. Huku kila mchimbaji ana chale, na wapo wanaokwenda kwa mganga kufukiwa kitu chini ya ngozi ili mali iwafuate. Ndaki alikuwa ameshika kovu dogo lenye kitu ndani, akadanganywa kwamba ni waya, na akapigia hesabu anazozijua. Ndiyo maana sahani. Ndiyo maana chupa yenye kizibo, ndiyo maana zile nywele kwenye karatasi. Hakukuwa na mpishi. Mwanaume wake alikuwa anamwogopa.

Alitaka kucheka. Lakini akamwangalia yule mama wa maandazi, na kicheko kikaganda. Neno mchawi, ambalo hakuna aliyelitamka pale, huku kwao limewahi kuchoma nyumba za watu. Na njia ya kulifuta ilikuwa moja tu: kusema kile alichokificha.

Ndaki alikuwa karashani, shati limelowa, macho mekundu kwa vumbi. Alipomwona akazima mashine.

"Nani kakuruhusu kuja huku?"

"Ni kijiti cha uzazi wa mpango," Noela akasema, palepale, bila salamu. "Niliwekewa chuoni. Na nesi. Siyo mganga."

Noela aliona uso wa Ndaki ukianza kufunguka, halafu ukajifunga tena.

"Siku ile ulisema waya."

"Niliogopa."

"Sasa unasema nesi. Kesho utasema nini?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Au sawa, tuseme ni kweli. Basi ndiyo mbaya zaidi. Miezi yote naongea watoto, naongea washenga, wewe unaitikia, kumbe ndani umeshafunga mlango. Hutaki kuzaa na mimi."

"Sijasema hivyo! Nataka nimalize..."

"Nenda, Noela. Kabla watu hawajajaa."

Akawasha mashine. Noela akaondoka katikati ya vumbi na gauni lake la kijani, na hakuna mtu hata mmoja aliyempita kwa karibu.

Wiki mbili hakuna simu. Noela akapangiwa mafunzo ya vitendo Tinde, kufunga umeme kwenye nyumba mpya ya wageni kando ya barabara kuu, malori yanapita kutwa. Alhamisi mchana, yuko juu ya stuli anavuta waya, simu ikaita. Ndaki.

Asipokee? Akapokea.

"Noela." Nyuma yake kukasikika sauti ya mwanamke akicheka, kicheko kikubwa, cha mtu aliyejiachia. Damu ikamchemka.

"Umenipigia ili nimsikie?"

"Nani? Aa, hapana, subiri. Niko kwenye hema la manesi. Wamekuja hapa Mwakitolyo leo. Nilikuja kuuliza habari zako."

"Zangu?"

"Nikamtajia nesi jina lako. Kanifokea mbele za watu!"

Sauti ya amri ya ng'ombe ikapenya kwenye simu: "Simjui huyo mtu, na ningemjua nisingekwambia! Uliza habari zako wewe!" Noela akashuka kwenye stuli. Ghati.

"Basi nikauliza kama mimi," Ndaki akaendelea, sauti imepungua. "Wana mkono wa plastiki hapa, wa kufundishia. Umefukiwa kijiti. Akaniambia fumba macho, shika. Nikashika." Akameza mate. "Noela, ni chenyewe. Urefu ule ule, kinateleza vile vile. Vidole vyangu vinakijua. Nikamuuliza kinafunga nyota? Ndiyo maana mpaka sasa anacheka. Kaniambia kinafunga yai tu. Kanieleza saa nzima. Mimi nilikuwa najua mwanamke akiweka, hazai tena maisha."

"Na hukuniuliza."

"Na hukuniambia."

Lori likapita. Wote wawili wakasubiri lipite.

"Nisamehe," Ndaki akasema. "Kitoe basi, tuanze upya."

Hapo sasa. Noela akaegemea ukuta ambao haujapakwa rangi. Angeweza kusema ndiyo, mwanaume angerudi leo leo na samaki wake. Alilitaka hilo mpaka likamuuma.

"Sikitoi, Ndaki. Ukitaka kuongea njoo Tinde tuangaliane. Kama unataka mkono wangu bila kijiti, usije."

Akakata kabla sauti yake haijavunjika.

Jumamosi saa tisa alasiri, basi la Shinyanga likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mtu mwenye koti la suti la kuazima, mikono imezidi urefu. Noela hakumkimbilia. Akaendelea kukaa juu ya roli la waya, bisibisi mkononi, anamtazama anavyovuka. Amekuja kuomba au amekuja kuchukua? Bado alikuwa hamwamini.

"Umependeza," Ndaki akasema.

"Koti la nani?"

"La mwenyekiti wa mgodi." Akakaa kwenye tofali, akawa chini yake. "Niambie kwa nini. Yote. Sitakukatiza."

Akamwambia. Wale wasichana tisa waliobaki sita. Cheti. Lile chungwa alilokuwa anamenya siku aliyosema wanawake wa uzazi wa mpango wanaficha mambo. Na mwisho, kwa sauti ndogo: "Kuhusu waya nilikosea. Ulistahili kuambiwa. Hata mimi ningeogopa."

Ndaki akachora mstari vumbini kwa kidole.

"Mimi niliumia kwamba unanikataa," akasema. "Kumbe ulikuwa unanisubirisha. Kusubiri ni kazi yangu. Mwaka na nusu nasubiri jiwe kubwa, sembuse mtu."

"Maneno matamu hayatoshi. Wale watu wa kule walivuta watoto wao nilipopita, Ndaki. Unajua huku mtu akiitwa vile anafanywa nini. Wewe ndiye uliyeanzisha. Mpigie Mwigulu. Weka sauti kubwa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Aliona jasho likimtoka chini ya koti la kuazima. Mwanaume kutangaza mgodini habari ya kijiti cha mchumba wake, watamchamba mpaka Krismasi. Akapiga.

"Mwigulu, uko na nani?"

"Na jamaa wote hapa."

"Waambie wanyamaze. Kile cha mkononi mwa Noela ni dawa ya uzazi ya hospitali. Nimeshika mfano wake kwa nesi. Mimi ndiye niliyewadanganya, na atakayemsema vibaya tena aanze na mimi."

Vicheko, miluzi, mtu akauliza kama na yeye atavalishwa kanga. Ndaki akafumba macho, akavumilia. Mwigulu akarudi hewani, hana utani.

"Sasa kama siyo kijiti, duara letu halitoi kwa nini?"

"Kwa sababu mwamba hauna kitu, Mwigulu. Tumechimba mahali pabaya."

Noela akajikuta anacheka, machozi yanamtoka, wanja unashuka shavuni.

"Washenga nilete?" Ndaki akauliza.

"Walete. Lakini mimi siendi kwenu kuwekwa katikati ya wamama kila mwezi, naangaliwa tumbo na kunong'onezwa. Kuna mtu mmoja inabidi ajue kabla ya ng'ombe hata mmoja hajaondoka zizini. Na siyo mimi wa kumwambia."

Ndaki akamwangalia, akaangalia simu, akamwangalia tena, kama mtu anayechungulia shimo la mita mia bila kamba. Akavua koti, akamkabidhi Noela alishike. Akatafuta namba. Ikaita mara tatu.

"Mayu, mwadila," akamsalimia mama yake kwa Kisukuma, na mkono wake mwingine ukautafuta mkono wa kushoto wa Noela, ukaushika pale pale juu ya kiwiko, ukatulia. "Ndiyo, mzima. Mayu, kaa chini kwanza. Ni habari ya mjukuu. Atachelewa, na mimi nimekubali."